Wifi anamwombea mama apone, mimi namwomba Mungu amchukue

Shangazi, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe.

Naomba jina langu lisitajwe, maana kanisani kwetu wapo wanaosoma safu hii, na wengine watanitambua kwa maneno haya haya.

Mimi ni mke na mama wa watoto watatu. Nilikuwa kiongozi wa kundi la maombi la akina mama. Nilikuwa mtu wa mikesha na kufunga, na mwenzetu akifiwa au akilazwa hospitali, simu ya kwanza ilikuja kwangu. Sijisifu, nataka tu ujue nilikotoka.

Kisha mama mkwe akapata kiharusi, akapooza upande mmoja. Akaletwa kwetu kwa muda, mpaka apate nafuu. Huu ni mwaka wa tatu. Hatembei, hawezi kujigeuza kitandani, na siku hizi kumbukumbu nayo inampotea. Leo anakujua, kesho anakuuliza wewe ni nani na umeingiaje nyumbani kwake.

Kazi zote ni zangu: kumwosha, kumlisha, kumbadilisha nepi, kumpa dawa, kumgeuza ili asipate vidonda. Mume wangu ni shemasi na ni mtu mwema, hilo siwezi kulikana. Lakini anasema hawezi kumwona mama yake bila nguo, nami namwelewa. Basi jioni anasimama mlangoni kwa mama, anamsomea zaburi kwenye simu, anamwombea, anamtakia usiku mwema, huyo anakwenda kulala. Saa nane za usiku anayeamka kubadilisha shuka ni mimi.

Wifi yangu, binti pekee wa mama, huja Jumapili baada ya ibada. Anakuja na Biblia na mafuta ya upako. Anamwekea mama mikono, analia machozi ya kweli, anaikemea roho ya kupooza, anatangaza uponyaji. Sote tunaitikia amina. Halafu anatazama saa, anasema anawahi foleni, anatubusu wote. Mara nyingi hajafika getini, mama ameshajisaidia.

Sasa nikuambie kinachoninyima amani. Wifi akiomba mama apone, mimi moyoni naomba Mungu amchukue. Mdomo unasema amina, moyo unasema, Bwana mpumzishe, nami nipumzike. Nikipiga magoti peke yangu hakuna kingine kinachotoka, kwa hiyo nimeacha kupiga magoti.

Na kuna hili ambalo sijamwambia mtu. Usiku nikimgeuza, mama hunishika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mzima, ananiita kwa jina la wifi, ananiambia, "Asante mwanangu, wewe ndiye unayenitunza." Nashukuriwa kwa jina la mtu mwingine, nimeshika shuka chafu. Ningekuwa mtumishi wa kweli ningefurahi kwamba mama ameridhika. Mimi nakasirika hadi mikono inatetemeka.

Juzi kundi limenitumia ujumbe. Kuna kongamano la akina mama, wanataka nirudi niongoze maombi. Maandalizi ni kila Jumanne na Ijumaa jioni, na jibu wanalitaka kabla ya mwisho wa mwezi. Mwenyekiti akaongeza, "Dada, umekuwa Martha. Mariamu alichagua fungu lililo jema. Usimruhusu adui akuibie huduma." Nilipomwonyesha mume wangu, alisema niombe, Mungu ataniongoza. Hapo hapo akauliza, "Ila jioni mama atabaki na nani?" Mchungaji naye aliwahi kunisimamisha mbele ya kanisa akasema mimi ndiye Ruthu wa kizazi hiki. Watu wakapiga makofi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nirudi kwenye huduma au nibaki na mama? Kazi ninayoifanya huku nimenuna, Mungu anaihesabu kweli? Na je, nimwambie mume wangu ninachokiomba juu ya mama yake?

Mkamwana aliyechoka

*

Marahaba, mwanangu. Amina, asifiwe.

Nitakueleza kwanza nilichokielewa, na mahali nilipopotoka utanisahihisha. Umewekwa njia panda: huku maombi uliyoyazoea na yaliyokupa nafasi yako kati ya watu, huku mgonjwa asiyeweza hata kujigeuza. Umeambiwa upande mmoja ni wa Mungu, mwingine ni wa jikoni. Wakati huo huo unaogopa kwamba hata huo wa jikoni umeuharibu kwa hasira. Na juu ya yote umebeba ombi moja la siri ambalo limekufunga mdomo mbele za Mungu.

Nimeona jambo lingine pia. Katika barua yako watu wanne wamekupa neno la kiroho: mumeo, wifi yako, mwenyekiti na mchungaji. Hakuna hata mmoja uliyeniandikia kwamba alikuuliza unalala saa ngapi.

Tuanze na hilo ombi, maana nadhani ndilo zito kuliko kongamano. Unaliona kama dhambi inayokusubiri kila ukipiga magoti. Fungua Hesabu sura ya 11. Musa amelemewa na watu, anamuuliza Mungu, je, ni mimi niliyewachukulia mimba hawa hata uniambie niwabebe kifuani? Halafu anaomba afe yeye mwenyewe. Soma alichojibiwa. Hakukemewa. Alipewa wazee 70 wa kuubeba mzigo pamoja naye. Eliya naye, katika 1 Wafalme 19, aliomba roho yake itwaliwe, akalala usingizi chini ya mti. Malaika alimwamsha ale na anywe, akamwacha alale tena. Mazungumzo yalikuja baadaye sana. Na Zaburi ya 88 inaanza gizani na kuishia gizani, haina hata mstari wa ushindi mwishoni, na bado watu wameiomba kizazi baada ya kizazi.

Sikwambii kwamba ombi lako ni sawa au si sawa. Nakuuliza tu umelipima vizuri? "Mpumzishe, nami nipumzike" ni maombi mawili yaliyoshikana. La kwanza hata mzee Simeoni aliliomba kwa ajili yake mwenyewe pale hekaluni, na tunalisoma bila kushtuka. La pili linaomba pumziko lako, na si lazima litimizwe kwa kifo cha mtu. Huenda ukiyatenganisha, lile la pili utaweza kulisema kwa sauti, hata mbele ya watu.

Hapa niseme bila kuzunguka. Wazo likikaa moyoni, ni wazo. Likianza kushuka mikononi, ukajikuta unachelewesha dawa makusudi, unamvuta kwa nguvu, au unamwacha amelowa kwa kuwa umekasirika, toka chumbani, mwite mtu mwingine aingie, na siku hiyo hiyo umwambie daktari au muuguzi anayemtibu mama kwamba umefika mwisho. Waliokaa na wagonjwa wa muda mrefu wanaijua hali hiyo, na hawatakushangaa. Nawe ukiona hamu ya kuishi inakuondoka, fanya vivyo hivyo, usingoje Jumapili.

Sasa swali lako la upendo. Unaamini kwamba kwa kuwa unanuna, hupendi. Yesu alisimulia habari za mtu mwenye wana wawili, katika Mathayo 21. Aliwatuma shambani. Mmoja akasema naenda, asiende. Mwingine akasema sitaki, kisha akajirudi akaenda. Yesu hakuuliza nani alikuwa na uso mkunjufu. Aliuliza ni nani aliyefanya alichotaka baba yake. Wewe kila usiku moyo wako unasema sitaki, na kila usiku shuka linabadilishwa. Kama huo si upendo, tafuta neno lingine la kuuita, ila usiuite si kitu.

Hata hivyo sitaki uitumie habari hiyo kujinyamazisha. Hasira yako ina kitu inachokisema, na ukiifunika kwa andiko itatokea mlango mwingine. Umesema unakasirika mama anapokushukuru kwa jina la wifi yako. Ni kweli inauma. Lakini jiulize, kabla ya hapo ni lini mara ya mwisho mtu wa nyumba hiyo alikushukuru kwa jina lako? Kwenye kundi walikuita kwa jina. Walikungoja, na walijua ukikosekana. Nahisi unachokililia si kongamano tu, ni kule kuwa mtu anayejulikana. Hilo si kiburi, mwanangu. Na huenda mama, aliyebakiwa na maneno machache, analitumia lile analolijua kwa maana ya mtu aliye karibu nami na ananipenda. Kwake huenda jina hilo ni lako sasa. Hilo halitakuondolea machungu usiku wa leo, lakini nimeona nikuwekee mezani.

Kuhusu Martha, nina ugomvi kidogo na mwenyekiti wenu. Martha wa Luka 10, aliyehangaika na kazi za nyumba huku dada yake Mariamu ameketi akimsikiliza Yesu, alikuwa na wageni, na wageni wanaweza kungoja. Mtu asiyeweza kujigeuza hangoji, kwa maana wauguzi hushauri ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi akiwa kitandani. Tena watu husahau kuendelea kusoma. Katika Yohana 11 ni huyo huyo Martha anayekiri kwamba Yesu ndiye Kristo, na katika sura ya 12 yuko tena anatumikia watu, na safari hii hakuna anayemwambia neno. Ila na hao akina mama nisiwahukumu nikiwa mbali. Wanajua nini kuhusu usiku wako? Wakikuuliza hali, unawaeleza, au unasema tuko salama kwa neema? Kama wanachokiona ni kiti chako kitupu tu, ni rahisi kudhani umepoa.

Na Ruthu, jamani. Kila mara mkamwana akilemewa, watu humletea Ruthu. Ruthu alichagua mwenyewe baada ya mama mkwe wake, Naomi, kumsihi arudi kwao zaidi ya mara moja, na Naomi alikuwa anatembea kwa miguu yake. Orpa, mkamwana mwingine wa Naomi, alirudi kwao, na kitabu hakikumtukana.

Basi tutazame njia zilizo mbele yako. Ukirudi kuongoza, huenda ukapata pumzi, na huenda ukarudi nyumbani na moyo laini zaidi. Mimi siidharau faida hiyo. Lakini Jumanne na Ijumaa jioni nani yuko chumbani kwa mama? Hujaniandikia umri wa watoto, na nina wasiwasi kwamba jibu litakuwa mtoto wako mkubwa, kimya kimya, bila kikao. Pia saa nane za usiku zitabaki palepale, nawe utaamka umechoka mara mbili. Ukikataa kabisa, mama atakuwa na wewe, ila wewe utakuwa na nani? Mtu akifungiwa na mgonjwa peke yake kwa miaka, hata aliye mpole huota miiba. Unaweza pia kwenda kama mshiriki wa kawaida, jioni moja kwa wiki, bila cheo. Njia hiyo ina ugumu wake, kwa kuwa aliyezoea kuongoza hushindwa kukaa nyuma, na watu watakurudishia kazi kidogo kidogo. Wengine watapendekeza kundi lije kuombea kwako. Fikiri kabla ya kukubali. Usije ukawa mwenyeji wa watu 20 wa kuandaliwa na kusindikizwa, na mama naye si maonyesho, ana haki ya kufungiwa mlango.

Lakini umeona? Njia zote hizo zinaanza kwa kukubali kwamba mama ni mgonjwa wako peke yako. Nani alisema? 1 Timotheo 5:4 inapozungumza juu ya mjane, inasema watoto au wajukuu ndio wajifunze kuyatenda yaipasayo dini nyumbani kwao na kuwalipa wazazi. Watoto wa mama huyu ni mumeo na wifi yako. Wewe umeingia kwa ndoa na kwa huruma. Na mumeo akiwa shemasi ataikumbuka Matendo 6: wale saba waliochaguliwa na kuwekewa mikono waliwekewa kwa sababu wajane walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Usimtupie andiko hilo usoni, tafadhali. Likitumika kama fimbo litamfungia mlango. Lakini mnaweza kulisoma pamoja siku ambayo hakuna aliyekasirika.

Haya yake juu ya mwili wa mama yake ni ya kweli, nawe umefanya vyema kuiheshimu. Ila haya hiyo inahusu kuogesha na nepi. Haihusu kufua mashuka, kulisha kwa kijiko, kupanga dawa, wala kumgeuza mama akiwa amefunikwa, kwa shuka lililotandikwa chini yake, watu wawili mkishika kila mmoja upande wake. Kazi hiyo muuguzi anaweza kuwafundisha kwa muda mfupi, na mgongo wako utamshukuru. Wifi naye ni mwanamke na ni binti yake. Kwake hata hiyo haya haipo. Kama kazi au umbali unambana, pengine anaweza kuchangia malipo ya msaidizi wa saa chache. Kuajiri mtu si kukosa imani.

Hatari ya mazungumzo hayo ninaiona. Wifi anaweza kusema unamchoka mama yake, unataka kumfukuza. Mumeo anaweza kujisikia ameaibishwa. "Nisaidieni" ni neno ambalo kila mtu huitikia na hakuna anayeamka. Saa na kazi inayotajwa kwa jina ni vigumu kuikwepa. "Wifi, Jumapili hii nakuomba ubaki naye mpaka saa moja jioni, nepi ziko hapa, nitakuonyesha." Mwache aendelee kumwombea mama, tena mshukuru kwa hilo. Machozi yake umesema mwenyewe ni ya kweli. Huenda anaogopa mwili ule uliopooza, na mafuta ya upako ndiyo njia pekee aliyoipata ya kuugusa.

Umwambie mumeo unachoomba? Hapo mimi nakwenda polepole. Faida ni kwamba siri itapungua uzito, na sitashangaa hata kidogo kama naye, pale mlangoni na simu yake, ana ombi asilolisema. Hasara ni kwamba mtoto akisikia mtu anaomba mama yake achukuliwe, anaweza kusikia kifo tu, asikie uchovu wako baadaye sana au asiusikie kabisa. Wapo wanaoanza na upande wa pili: "Nimechoka hadi siwezi kuomba tena, naogopa yaliyo moyoni mwangu." Akikuuliza ni yapi, utaamua hapo hapo kwa kumtazama. Na kama unaona nyumba haijawa tayari, mtafute kwanza mtu mzima mmoja anayejua kunyamaza, awe mke wa mchungaji au mshauri wa hospitali, ulifungue kwake.

Magoti nayo yapumzike kama yamechoka. Mathayo 6:6 inataja chumba cha ndani na mlango uliofungwa, haitaji mkao. Chumba chako kwa sasa kina mgonjwa ndani. Ukiwa unakunja shuka unaweza kusema sentensi moja ya kweli, hata kama ni ya kulalamika, na ukaishia hapo.

Kundi usiliache bila jibu mpaka tarehe ipite. Waandikie wiki hii, hata kama unachoweza kusema ni kwamba bado hujaamua, na uwaeleze usiku wako jinsi ulivyo, saa nane na kila kitu, badala ya ile "niombeeni" ya kawaida. Kisha waulize kama kuna wawili wanaoweza kupokezana kukaa na mama Jumanne jioni. Kundi linaloweza kukesha hadi alfajiri haliwezi kukosa mtu wa saa mbili. Wakikubali, mengi yatabadilika kwako kabla hata ya kongamano. Wakikataa, utakuwa umejua ni kundi la namna gani linalokuita urudi, nawe utapima.

Shangazi yako